Au Nasema Uongo?

Kitinda alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kubwa kwa mikono miwili, amekiinua mbele ya kifua kama mtu aliyebeba kioo cha dirisha, anatembea jikoni kwa mwendo wa kunesanesa. Dada yake alikuwa ameegemea sinki, hoi kwa kicheko. Wifi yake, mke wa kaka yao, aliacha kumenya viazi akajishika mbavu.

"Shikamoo mama, bwana wee!" Kitinda alisema kwa sauti nzito ya kiume. "Mimi ndiye fundi mwenyewe, ujue. Nyumba sina, ila madirisha ninayo, au nasema uongo?"

"Husemi!" wifi akaitikia, machozi yanamtoka.

"Haya, na mapenzi je?" dada akachokoza. "Alikutongozaje huyo? Kwa hayo hayo?"

Hapo ndipo Kitinda angeweza kukomea. Angeweka kifuniko chini, angesema hayo yaache, hayo yangu. Lakini kicheko ni kama mteremko, ukishaanza kukimbia miguu haikusikilizi tena. Akapiga goti moja sakafuni, akautetemesha mdomo, akakaza macho kama mtu anayetafuta hewa.

"Nakupenda, Dokta. Nakupenda mpaka mikono inakosa kazi. Au… au nasema uongo?"

Wanawake wale wawili waliangua kicheko kilichotoka nje kupitia dirisha la jikoni, lililokuwa wazi kwa ajili ya moshi wa vitunguu. Kitinda naye alicheka. Kisha akainua macho, na kicheko kikakatika.

Fundi alikuwa amesimama nje ya dirisha, ndani ya ua, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mikono, na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa amekuja kula chakula cha mchana na kujitambulisha kwa mama mkwe wake mtarajiwa. Kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, alizunguka nyuma, kama wanavyofanya wageni wasiotaka kusumbua.

"Hodi," alisema.



* * *

Mtaani walimwita Nasemauongo, na aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Alikuwa fundi wa vioo. Alikata, alisaga kingo, aliweka madirishani, na tangu asubuhi mpaka jioni hakumaliza sentensi bila kuitundikia kitu mwishoni. Akiwa na haraka alisema "ujue." Akishangaa alisema "bwana wee." Akiwa amefurahi, au anataka uhakika, au ana jambo zito moyoni, alisema "au nasema uongo?" na watu wote waliomzoea, wauza duka, kinyozi, watoto wa shule, walimjibu kwa pamoja, "Husemi!"

Kitinda alimfahamu siku kioo cha kaunta ya duka lake la dawa kilipopasuka. Yeye alikuwa mfamasia, mtaani wakimwita Dokta, binti wa mwisho wa mama aliyekuwa mwalimu mkuu, amelelewa katika nyumba ambayo mtu akisema "mi sijui" anaambiwa arudie, "mimi sijui." Fundi alipima kaunta, akamtazama yeye, akaitazama tena kaunta, akasema, "Hiki kioo kimechoka kubeba dawa za wagonjwa, kinataka nacho kutibiwa, au nasema uongo?" Na Kitinda, ambaye hakuwahi kucheka na mteja wala fundi, alijikuta anajibu, "Husemi."

Akaizoea mikia ile ya maneno kama mtu anavyozoea sauti ya mlango wa kwao. Aliijua yote. Ile "ujue" ya mkato, ile "bwana wee" ya kuvuta, na ile "au nasema uongo" ya polepole, aliyoisikia mara moja tu, jioni moja kwenye ngazi za duka la dawa, wakati fundi alipomwambia kwamba anampenda. Siku ile sauti yake ilitetemeka kweli. Na Kitinda alimshika mkono, akamjibu kwa kunong'ona, "Husemi, mpenzi. Husemi."

Hilo ndilo aliloliigiza jikoni, na kifuniko cha sufuria mkononi.

Mama yake ndiye aliyekuwa amemtia hofu. "Katika wanaume wote wa mji huu," aliwahi kumwambia, "umemwona huyu anayetangaza uongo wake mwenyewe? Mtu anaongea kama yuko kijiweni saa zote! Nitamkalisha wapi na wageni wangu?" Dada naye alikuwa akichokonoa kila siku. Basi Kitinda akaona kwa kuwa kicheko kipo tu, afadhali kianzie kwake. Yeye akimcheka fundi kwanza, wenzake wakichoka kucheka, labda watampenda. Ndivyo alivyojidanganya.

* * *

Mezani fundi alikaa wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama. Wote wanakusalimu."

"Nimeambiwa unafanya kazi ya vioo."

"Ndiyo, mama. Nina karakana yangu. Nina mafundi wawili ninaowafundisha kazi."

Kila sentensi ilifika mwisho ikasimama. Kitinda, aliyekaa upande wa pili wa meza, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kila fundi alipomaliza kusema, midomo yake ilibaki wazi kidogo, mahali pale ambapo mkia ungetokea, kisha ikafungwa. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayechechemea na wewe ndiye uliyemkanyaga.

"Na huko mtaani," mama akauliza, akiweka kijiko chini, "nasikia wana jina wanakuita."

"Ni jina la utani, mama. Halina maana."

Wifi alikohoa. Dada alikuwa ameinamia sahani yake tangu walipoketi. Kitinda aliteremsha tonge kwa maji. Alimtazama fundi, akitafuta hata kipande cha jicho lake, lakini macho ya fundi yalikwenda kwa mama, kwa bakuli, kwa mama tena. Hayakupita kwake.

Mama alikuwa anang'aa. "Kumbe kijana una adabu hivi! Na unazungumza vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Watu wanapenda kusingizia wenzao, jamani!"

"Ahsante, mama," fundi alisema.

Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kiti chake.

Alimsindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa kali, ua lilikuwa kimya, na machungwa aliyoleta yalikuwa bado kwenye mfuko pale kibarazani, hakuna aliyeyagusa.

"Ulisikia," Kitinda alisema.

"Nilisikia."

"Ulikuwa mzaha tu. Wallahi ulikuwa mzaha. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua ulikuwa mzaha." Fundi alishika komeo la geti, akalitazama kama anayetaka kujua limetengenezwa wapi. "Na umenipatia kweli. Ule mwendo, ile sauti. Hata mimi ningecheka, ungekomea kwenye madirisha."

Kitinda aliinamia viatu vyake.

"Yale ya kwenye ngazi nilikuambia peke yako, Dokta. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine maneno yale. Nilidhani nimeyaweka mahali salama."

Kitinda alisubiri. Alisubiri "ujue," alisubiri "bwana wee," hata tusi angelipokea. Fundi alifungua geti, akaagana naye kwa heshima kama anayeagana na mteja, akaenda zake.

* * *

Siku zilizofuata Kitinda aliuza dawa akiwa hayupo. Alimpigia fundi simu, naye akapokea, akajibu, "Niko kazini, Dokta. Nitakutafuta." Hakumtafuta. Alipopita mbele ya karakana, alimwona kwa mbali ameinamia meza, hakuinua kichwa.

Kilichomkata maini zaidi ni habari alizoletewa na mshonaji, mama mmoja mcheshi aliyekuwa na cherehani jirani na duka la dawa.

"Mwanangu, umempa nini yule mtu wako?" mshonaji aliuliza, akipokea vidonge vyake vya presha. "Siku hizi anaongea kama msoma taarifa ya habari! Jana namwambia joto limezidi, ananijibu, 'Ni kweli, joto limezidi.' Basi! Nimebaki nimeachama nasubiri niitikie 'Husemi,' wapi! Nimeumwa na taya siku nzima!"

Mshonaji alicheka. Kitinda aligeukia kabati la dawa, akajifanya anapanga chupa, kwa sababu machozi yalikuwa yameshamfika.

Na nyumbani, mama alikuwa amefurahi kupita kiasi. Ameshampigia simu baba mdogo, ameshamsifu mkwe kwa majirani. "Kijana mtulivu," alikuwa akisema. "Hana maneno mengi." Kila sifa ilimwingia Kitinda kama mwiba.

Jumapili iliyofuata, wamekaa sebuleni baada ya chakula, mama alipoanza tena, Kitinda aliweka kikombe chini.

"Mama, yule uliyemwona siye."

"Siye nani?"

"Yule aliyekaa hapa si fundi. Fundi alitusikia. Nilikuwa jikoni namwigiza, nawachekesha dada na wifi. Nikamwigiza mpaka maneno aliyoniambia siku aliponiambia ananipenda. Yeye yuko dirishani, na machungwa yake mkononi. Ndiyo maana alikuja mezani akaongea vile. Aliona aibu, mama. Nilimtia aibu mimi."

Dada aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemchochea," dada alisema polepole. "Na nilicheka kuliko wote."

Mama alirekebisha miwani yake. Kwa muda alionekana kama mwalimu aliyeletewa jibu asilolitegemea. Kisha akasema, "Sasa ubaya uko wapi? Kama mzaha wako umemnyoosha, si heri? Mwache abaki hivyo hivyo."

"Sijamnyoosha, mama. Nimemnyamazisha."

"Kitinda, mimi nimefundisha watoto wa watu kusema sentensi ikaisha. Sitaki mkwe wa kuniuliza kila dakika kama anasema uongo."

"Nimemchukua mtu anayechekesha mtaa mzima, nimemrudisha kama mgonjwa aliyekatazwa kuzungumza. Na wewe unanipongeza." Akasimama. "Unaponipongeza ndipo naona vibaya zaidi. Nakwenda kumwomba radhi. Mbele ya mafundi wake, mbele ya yeyote atakayekuwapo. Nilimsema mbele za watu, siwezi kumwomba radhi chumbani."

"Binti wa nyumba hii? Na koti lako jeupe? Katikati ya karakana?"

"Ndiyo, mama."

Mama alivua miwani yake. Alimtazama binti yake wa mwisho. "Baba yako," alisema mwishowe, sauti imeshuka, "hakuwahi kuniomba radhi mbele za watu. Hata mara moja." Akachukua vikombe, akaenda navyo jikoni, na hawakujua kama alikuwa amekataa au amekubali.

* * *

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mpana, vioo vimesimamishwa kwa ubavu kwenye mbao kama vitabu vikubwa. Ilinuka mafuta ya taa, ambamo mafundi walichovya kikatio kabla ya kukipitisha juu ya kioo, na kikatio kilipopita kililia mlio mwembamba wa kusisimua meno. Kitinda aliingia mchana kweupe, amevaa koti lake la kazi. Mafundi wawili waliacha kazi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amekuja kuulizia kioo kipya cha dirisha lake la mbele, naye akageuka.

"Karibu, Dokta," fundi alisema. "Kuna kioo kimepasuka?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba radhi."

"Hapa ni kazini. Tutazungumza siku nyingine."

"Nitasema hapa hapa." Akageukia wale watu wengine. "Huyu ndiye mwanaume niliyekubali anioe. Alipokuwa anakuja kwetu mara ya kwanza, nilisimama jikoni nikaigiza anavyoongea, watu wakacheka. Nikaigiza na maneno aliyoniambia tukiwa wawili tu. Akanisikia. Mmeona jinsi alivyobadilika; mjue ni mimi. Msimtanie yeye, mniseme mimi."

Mafundi waliinamisha macho kwenye meza. Kinyozi alijikuna kisogo, akawa kama anayejuta kuwa na masikio.

Fundi aliweka kikatio chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Unajua kwa nini naongea vile?" aliuliza. "Hata mwenyewe sikujua, mpaka nilipojizuia. Mimi sipendi kusema jambo likabaki langu peke yangu. Nikikuuliza kama nasema uongo, nataka na wewe uingie. Useme ndiyo, useme siyo, ucheke, unitukane. Nakupa nafasi. Sasa wewe nilikupa nafasi kubwa kuliko wote." Alikunja kitambaa. "Siku hizi nikifika mwisho wa sentensi, naisikia sauti yako. Ile nzito uliyoitengeneza. Inanisema kabla sijajisema. Basi nafunga mdomo."

Kitinda alihisi maneno yale yanamshukia moja moja. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, akajiandaa hata kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kujua kwamba alikuwa ameingia mpaka mdomoni mwa mtu na kumkalia humo.

"Sikuombi urudi kuongea vile," alisema, machozi yanamtiririka mbele ya mafundi na kinyozi, hakuyafuta. "Sikuombi hata unisamehe leo. Ila usiseme tena kwamba jina lako halina maana. Pale mezani ulipolisema hilo, nilitaka kusimama nimwambie mama kila kitu. Nikaogopa. Nikakaa, nikala chakula. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko la jikoni."

Fundi alimtazama. Tangu siku ile ndiyo mara ya kwanza aliyomtazama machoni, na Kitinda aliona mtu aliyechoka, aliyekosa usingizi kama yeye.

Kinyozi alikohoa. "Samahani jamani, mimi nina wateja kule… kioo changu…"

Kioo chenyewe kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikubwa, kirefu kuliko mtu, kingo zake zimesagwa. Mmoja wa wanafunzi wake alisogea akitaka kukishika.

"Acha," fundi alimwambia. Kisha kwa Kitinda: "Viatu vyako havitelezi?"

"Havitelezi."

"Vaa glavu. Shika upande ule. Chini, si pembeni. Ukiona gari usishtuke, utembee tu."

Walitoka nje, fundi akirudi kinyumenyume, Kitinda akimfuata, kioo kati yao. Mtaa wote ulikuwa macho. Mshonaji alisimamisha cherehani. Muuza maji alisimama katikati ya barabara na mkokoteni wake.

"Dokta kawa saidia fundi, jamani!" mtu alipiga kelele.

"Angalieni msivunje nyumba kabla hamjajenga, ati!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Kitinda alihisi kicheko kile mgongoni, kichwani, kila mahali. Kumbe ndivyo kilivyo, aliwaza. Kumbe ndicho alichokisikia fundi dirishani. Mikono ilianza kumtetemeka, na kioo kikatetemeka nayo. Kupitia kioo alimwona fundi, karibu kuliko siku zote hizo, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Alitaka kuinamisha kichwa. Hakukiinamisha.

"Unatetemeka," fundi alisema.

"Naona aibu."

"Najua inavyokuwa."

Walifika katikati ya barabara. Gari lilipiga honi, Kitinda akaendelea kutembea. Miguu yao ilikuwa imeanza kwenda pamoja, bila mtu kuhesabu.

"Mama yako amesema nini?" fundi akauliza.

"Hajasema ndiyo. Hajasema hapana."

"Itabidi nije tena."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Lakini safari hii nitapita mlango wa mbele, na nitaongea ninavyoongea, hata akinifukuza. Utakaa upande wangu wa meza?"

"Nitakaa."

Fundi alipapasa ngazi ya mlango wa kinyozi kwa kisigino, akapanda kinyumenyume, na uzito wote wa kioo ukamlalia Kitinda mikononi. Vidole vilimuuma ndani ya glavu. Watu walikuwa bado wanacheka, lakini hakuwa tena na nafasi ya kuwasikia.

"Usiachie," fundi alisema.

"Siachii."